Muulizeni Lukuga

Vakansi kubwa imefika! Wapwa wangu wa Kirungu, najua safari hii. Mnashuka mpaka bandarini Moba na mama, na shangazi, na watoto wa jirani. Mnapanda boti. Mnapita Mpala. Halafu Kalemie inatokea.

Kalemie ni mji mkuu wa jimbo letu la Tanganyika tangu mwaka 2015. Tena si mara ya kwanza. Kuanzia 1962 hadi 1966 ulikuwa mji mkuu wa jimbo la Katanga Kaskazini. Siku zile wengi waliujua kwa jina la Albertville, jina la mfalme wa Wabelgiji.

Mtaona bandari. Mtaona kituo cha treni. Mtakula bukari na mikebuka mpaka mshibe. Halafu mmoja wenu, yule mwenye maswali mengi ninayempenda sana, atasema: "Mjomba, kwa nini mji mkuu uko hapa? Kwa nini si kwetu Kirungu, juu kwenye baridi nzuri?"

Swali zuri! Muulizeni Lukuga.

"Mimi ni mto," Lukuga atasema. "Mito mingine yote huingia Ziwa Tanganyika. Ruzizi huingia kutoka kaskazini. Malagarasi huingia kutoka Tanzania. Mimi peke yangu hutoka. Nakwenda magharibi mpaka nakutana na Lualaba. Tupa jani lako hapa. Likikosa kukwama njiani, litapita Kisangani, litapita Kinshasa, litaingia baharini."

"Mito yote inaingia na mmoja tu unatoka? Mbona ziwa halimwagiki?"

Hilo nalo ni swali zuri! Wewe una akili ya kuchimba. Fikiria chungu cha maji kilichowekwa uani, juani. Karibu na ukingo kina kitobo kimoja. Jua hunywa maji mengi kuliko yanayopita kwenye kitobo. Lakini ukikiziba kitobo kwa majani na matope, na mvua ikazidi, maji yatapanda. Kitobo ni Lukuga.

Na kiliwahi kuzibwa kweli. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika hapa akakuta mdomo wa mto umejaa majani. Mwaka 1876 msafiri Stanley naye akafika. Maji yalikuwa karibu hayaendi. Ziwa likapanda, likapanda, mpaka kama mwaka 1878 likavunja kizuizi. Lukuga ikatoka kwa nguvu! Miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi.

"Lakini mto si mji, mjomba."

Kweli kabisa. Muulizeni tena Lukuga.

"Watu walinifuata," atasema. "Wengine walikuja kwa ubaya. Waliwakamata watu bara, wakawavusha ziwa mpaka Ujiji, wakawatembeza kwa miguu kwenda pwani kuwauza. Mwaka 1891 kapteni Mbelgiji, Jacques, akajenga boma karibu nami ili kuwazuia."

Hapa mniache niseme neno langu. Kuzuia biashara ya watu lilikuwa jambo jema. Lakini Wabelgiji haohao wakabaki, wakaichukua nchi, na mji ukabeba jina la mfalme wao. Mambo yote mawili ni kweli. Msikubali mtu awasimulie moja akaficha la pili.

"Halafu ikaja reli," Lukuga ataendelea. "Mwaka 1915 treni kutoka Kabalo ilifika ziwani, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kuikata milima, nami nikawapa bonde la kupita."

Mnajua nini kilikuja juu ya reli hiyo mpya? Mashua mbili za vita! Moja iliitwa Mimi, nyingine Toutou. Zilitoka Uingereza kwa meli, zikapanda treni mpaka Fungurume. Toka hapo zilivutwa na ng'ombe na mashine za mvuke kupita milima ya Mitumba. Zikaenda Bukama, zikateremka Lualaba mpaka Kabalo, zikapanda treni tena. Yote hayo ili kupigana na meli za Wajerumani ziwani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia! Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka meli moja, Kingani. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Baadaye ilitolewa majini, ikapewa jina la Liemba. Babu zenu wengi wanaijua.

Basi mmeona? Mto unatoka ziwani. Reli inafuata mto. Bandari inakutana na reli. Mji unakaa hapo. Mji wenye bandari na reli ndio uliopewa ofisi za jimbo.

Lakini kukaa mlangoni mwa ziwa kuna taabu yake. Mwaka 2020 maji yalipanda, na mwaka 2024 yakapanda tena. Yaliingia nyumbani kwa watu hapo Kalemie. Watu walihama na magodoro vichwani. Mkitembea ufukweni, msipige picha tu mkaondoka. Wasalimieni wakubwa kwa heshima. Waulizeni: "Maji yalifika wapi?" Wataonyesha ukuta, au mti, au mlango. Waulizeni pia kama mdomo wa Lukuga unasafishwa, na nani anausafisha. Andikeni majibu kwenye daftari, kila mtu kwa mkono wake. Mkirudi Kirungu mniletee, nitayasoma yote.