Ombwe, Barafu na Meli Iliyolala Chini ya Fort Jesus

Oktoba 1697, manowari ya Kireno Santo António de Tanná ilizama karibu na kuta za ngome ya Fort Jesus, kwenye bandari ya kale ya Mombasa. Ilikuwa imetumwa kuisaidia ngome iliyozingirwa na Waomani tangu Machi 1696. Msaada haukufua dafu. Desemba 1698 ngome ikatekwa.

Wapiga mbizi waliyaona mabaki yake miaka ya 1960. Kati ya 1977 na 1980, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakishirikiana na wanaakiolojia wa baharini kutoka Marekani, wakiongozwa na Robin Piercy, yalifukua eneo hilo. Maelfu ya vitu vilitolewa, na maabara ya kuvihifadhi ikaanzishwa ndani ya ngome. Lakini kiunzi cha meli, kilichoundwa Bassein, India, mwaka 1681, kilipimwa, kikachorwa, kisha kikafukiwa tena mchangani. Kukitoa majini si kazi kubwa sana. Kukikausha ndiko kwenye shughuli.

Ubao uliolala baharini karne tatu huonekana mzima, lakini ukiubonyeza kwa kidole unabonyea. Vijidudu vimekula sehemu kubwa ya selulosi, na nafasi yake imeshikwa na maji. Maji hayo ndiyo yanayoulinda usiporomoke. Ukianikwa juani, maji yanayotoka kwenye vitundu vyembamba vya seli huvuta kuta zake zikagandamana. Ubao unasinyaa, unapinda, unapasuka, wala haurudi tena ulivyokuwa.

Dawa yake ni kuyagandisha maji, kisha kuyaondoa bila kuyarudisha katika hali ya kimiminika, na hapo ndipo teknolojia ya ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, inapohitajika. Kwanza ubao hulowekwa kwenye maji baridi hadi chumvi itoke. Kisha hulowekwa katika polietilini glaikoli, kemikali inayofanana na nta, ambayo huingia ndani ya seli na kuzitegemeza. Baadaye hugandishwa na kuwekwa katika tangi la chuma lisilopitisha hewa, na pampu huanza kufyonza. Kanizo likishuka chini ya paskali 611, yaani yapata asilimia 0.6 ya kanizo la hewa tunayovuta, barafu haiyeyuki tena: hugeuka mvuke moja kwa moja. Mvuke huo hunaswa kwenye mabomba ya baridi kali kabla haujafika kwenye pampu. Kwa kuwa hakuna kimiminika, hakuna kinachozivuta kuta za seli. Chanjo za surua na kifua kikuu, zinazofika zahanati zikiwa unga mkavu, hukaushwa kwa kanuni hiyohiyo.

Tunajua kwamba njia hii inaweza kuokoa hata kiunzi cha meli. La Belle, meli ya Kifaransa iliyozama pwani ya Texas mwaka 1686, ilikaushwa hivyo katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, na leo kiunzi chake kimesimama katika jumba la makumbusho mjini Austin. Ni meli ya zama zilezile za Santo António.

Utaalamu wa namna hii haukai katika kichwa cha mtu mmoja. Wamarekani waliunda chama chao cha wanasayansi wa ombwe mwaka 1953, na muungano wa kimataifa ukaanza 1958. Humo mhandisi wa pampu hukutana na mkemia na mtaalamu wa metali, na kosa la mmoja huwa somo kwa wote. Afrika nayo ina Chama cha Utafiti wa Maada, kilichokutana Arusha mwaka 2019.

Kukifukia upya kiunzi cha Santo António kulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu mchanga usio na oksijeni ni ghala salama kuliko maabara isiyo na vifaa. Lakini ghala hilo lisiwe kisingizio cha kukaa tu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, na Fort Jesus iko Mji wa Kale. Vyote viko kisiwani. Wanafunzi wa fizikia na kemia wapelekwe ngomeni, waanze na kipande kimoja cha ubao, pampu moja na tangi dogo. Na ninyi wakuu wa vyuo na makumbusho, wawekeeni fungu la fedha. Urithi wa Pwani uhifadhiwe Pwani, kwa mikono ya watu wa Pwani.