Kamera ya kompyuta inapokataa kuonyesha sura

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini siku ya mazungumzo kati ya wazee waliohama na jamaa zao walioko kambi ya Nakivale, Uganda, sauti ilisikika lakini sura hazikuonekana. Wazee wawili walisimama wakasema huenda tunawasikilizisha watu wengine. Hatuwalaumu. Anayezungumza habari ya shamba aliloliacha anataka kuona uso wa anayemjibu. Basi tunaeleza kilichotokea, ili viongozi wa vikundi wanaotumia Linux wasikimbilie kununua kamera nyingine, kama sisi tulivyokaribia kufanya.

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta unaopatikana bila malipo, na ndio tuliouweka katika mashine zetu kuukuu. Tangu toleo 2.6.26 la mwaka 2008, una ndani yake programu ya kutambua kamera za USB zinazofuata kanuni iitwayo UVC. Kamera nyingi za sokoni zinaifuata, wala haziombi CD. Mkinunua, tafuteni herufi hizo kwenye boksi.

Chomekeni kamera, fungueni dirisha la kuandikia amri, andikeni lsusb. Kamera ikionekana kwenye orodha, kompyuta imeitambua. Isipoonekana, badilisheni tundu. Kama imepitia kigawanyo cha USB, ichomekeni moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa maana umeme wa kigawanyo pengine hautoshi.

Kisha andikeni ls /dev/video*. Hapa ndipo tulipokwama. Kamera yetu moja ilitoa majina mawili, video0 na video1, nasi tukadhani kuna hitilafu. Kumbe ya kwanza ndiyo inayobeba picha. Ya pili, iliyoanza kuonekana katika matoleo ya Linux ya tangu mwaka 2018, hubeba tu taarifa kuhusu picha hiyo. Programu yetu ya mazungumzo, ambayo ni ya zamani kidogo, ilikuwa imechagua ya pili. Tulipoibadilisha katika mipangilio, sura zikatokea.

Tulikuwa na kosa jingine, la aibu kidogo: tulijaribu kamera kwa programu ya Cheese, tukaisahau wazi. Kwa kawaida kamera hutumikia programu moja kwa wakati mmoja. Na kompyuta ikisema hamna ruhusa, msimamizi aandike sudo usermod -aG video, aache nafasi, aongeze jina la mtumiaji. Huyo naye atoke na kuingia upya.

Wazee wamekubali kurudia mazungumzo. Safari hii tutajaribu yote siku moja kabla, si wakati wamekwisha kuketi. Kabla ya kuwasha kamera, kila mmoja ataulizwa kama anakubali kuonekana, kwa sababu wako ambao sura zao zikijulikana upande wa pili zinaweza kuwaletea hatari. Hao watakaa pembeni na kusikiliza. Mazungumzo yakiisha, waya wa kamera utachomolewa mbele ya wote.