Kiti cha Baba Kisiwe Kuni

Nyuma ya nyumba nyingi kuna kiti kilichotupwa: mguu umelegea, kikalio kimetoboka, rangi imebanduka. Siku kuni zikipungua, kinatiwa motoni. Huo ni uharibifu, kwa maana mbao ngumu iliyokauka miaka mingi haipatikani kwa urahisi.

Lakini tuungame kwanza kosa letu. Kiti alichotuachia baba yetu tulikipaka rangi ya buluu, kikapendeza. Viungo vyake hatukuvigusa. Jumapili moja alikuja mzee jirani, tukampa kiti hicho cha heshima, naye akaanguka mbele ya watoto. Kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Tangu siku ile twashika utaratibu huu: kwanza mifupa, ndipo ngozi.

Kitikiseni kiti. Kiungo kilicholegea kichomoeni, mkakwangue gundi ya zamani, kwani gundi mpya haishiki vema juu yake. Tieni gundi, zungusheni kamba miguuni, ikazeni kwa kijiti, mkakiache hata kesho. Vitundu vikitoa unga mpya, wadudu wangali wanakula ndani: kipakeni dawa kabla ya kukiingiza nyumbani.

Katika rangi tuwe na hadhari. Rangi nyingi za zamani, na hata baadhi ya zile zinazouzwa leo, zina madini ya risasi. Vumbi lake hudhuru akili za watoto, wala hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Basi, rangi kuukuu isisuguliwe kavu. Ilowesheni, isugueni kwa msasa wa maji huko nje, watoto wakiwa mbali, mkanawe kabla ya kula. Kisha pakeni rangi isiyo na risasi, nyembamba, mara mbili; ya kwanza ikauke kabisa kabla ya kupaka ya pili.

Mwisho ni kikalio. Ukindu ulowekwe kabla ya kusukwa, usije ukavunjika. Akina mama wapendao kitenge juu ya sponji, wapigilie misumari katikati ya kila pande kwanza, pembe ziwe za mwisho. Hivyo kitambaa hakikunjamani.

Kiti cha baba kingali barazani kwetu. Yule mzee alipokuja tena alikitikisa kwanza kwa mkono, akacheka, akaketi.