Hati Ina Jina la Nani?

Nimepima viwanja Mombasa na Taita tangu ujanani, na mtu akinitajia usawa wa rangi katika makazi, namuuliza kwanza: hati ina jina la nani, na kwenye kamati nani ana kura? Ndiyo maana nafuatilia habari za mtaa wa Dudley, huko Roxbury, Boston, Marekani.

Kufikia miaka ya 1980 mtaa ule ulikuwa hoi. Mabenki yalikuwa yamewanyima Weusi mikopo kwa miongo. Baadhi ya wenye nyumba walizichoma wapate bima. Vikabaki viwanja vitupu takriban 1,300, na watu wa nje wakaja kumwaga taka humo. Waliobaki ni Weusi, watu wa asili ya Cape Verde, Walatino na Wazungu wachache.

Wafadhili na mashirika walipoleta mpango wao wa kuufufua mtaa mapema 1985, mkazi mmoja aliuliza ni wangapi kati ya waliokaa mbele wanaishi hapo mtaani. Mpango ukarudishwa mezani. Wakazi wakapata wingi kwenye bodi ya kuusimamia, na makundi yale manne yakapewa viti sawa, bila kujali ukubwa wa kundi. Mimi nimeona kamati ambamo kundi kubwa hubeba kila kiti, kisha wengine wanaacha kuja mikutanoni. Sheria hii ya viti naiona ya busara kuliko hotuba zote.

Mwaka 1988 jiji likawapa wakazi hao uwezo adimu wa kutwaa kisheria viwanja vilivyotelekezwa, kwa fidia. Ardhi ikawa ya amana ya jamii: familia inanunua nyumba tu, inakodi ardhi kwa miaka 99, na ikiuza, bei ina kikomo ili mwenye kipato kidogo aimudu.

Mfumo huo ulianzia jimbo la Georgia mwaka 1969, kwenye New Communities, shamba la ekari zipatazo 5,700 la wakulima Weusi, zama ambazo kujiandikisha kupiga kura kuliweza kumfukuzisha mtu shambani. Mwaka 1985 waliipoteza ardhi ile baada ya ukame na kubaniwa mikopo ya serikali. Hata Voi, kwetu Taita, wakazi wa Tanzania-Bondeni waliuchagua mfumo huo miaka ya 1990, wakihofia matajiri kuwanunua wote. Tatizo lao lilikuwa mfuko, si rangi, na sheria zetu za ardhi ziliwachelewesha mno.

Huko Dudley, kile kikomo cha bei ndicho kinachozua ubishi. Mweusi ambaye babu yake alinyimwa mkopo leo haruhusiwi kuuza kwa bei ya soko, na Mzungu wa mtaa wa pili anauza apendavyo. Wanaoiita dhuluma siwalaumu. Hata hivyo, bila kikomo, mpangaji wa leo hapati nyumba Dudley kamwe. Ningetia saini mkataba wao wa kukodi ardhi, kisha nikawadai wale wenye mabenki mikopo ya babu.