Kabla hujapeleka hela kwenye mwani, uliza jina kamili

Juzi mkulima wa nyanya hapa Mafiga alinijia: "Bwana shamba, nimepata mbia pwani, tunalima mwani. Mbegu ni cottonii." Nikamuuliza, cottonii ipi?

Tuanze na zao unalolijua. Vitabu vya zamani viliita nyanya Lycopersicon esculentum. Leo ni Solanum lycopersicum, jenasi moja na kiazi mviringo, Solanum tuberosum. Ndo maana bakajani chelewa inayoua viazi inaua na nyanya. Jina la kwanza linakupa ukoo, la pili linakuonyesha ni nani hasa katika ukoo huo.

Sasa mwani. Unguja ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Sokoni una majina mawili: spinosum na cottonii. Yote miwili ni mwani mwekundu, kundi la Rhodophyta, familia ya Solieriaceae, hata kama machoni unauona wa kijani au kahawia.

Spinosum kitaalamu ni Eucheuma denticulatum. Cottonii ni Kappaphycus alvarezii. Mtaalamu Maxwell Doty aliuita Eucheuma alvarezii mwaka 1985, baadaye ukahamishiwa jenasi mpya ya Kappaphycus. Jina hilo limetokana na kappa, aina ya karagenani iliyomo ndani yake, inayotoa jeli ngumu. Spinosum una aina ya iota, jeli yake laini. Viwanda vinanunua jeli, kwa hiyo hapo ndipo bei zinapoachana.

Mtego uko hapa: ipo spishi nyingine inayoitwa Kappaphycus cottonii, na kwa kawaida siyo hiyo unayouziwa. Jina la soko siyo jina la mmea.

Alvarezii una bei nzuri, ila hauvumilii maji yakipata joto. Matawi yanageuka meupe, yanakatika. Zanzibar wakulima wengi wamebaki na spinosum wa bei ndogo kwa sababu unastahimili zaidi. Ukipiga hesabu kwa bei ya mmoja na kuvuna mwingine, mtaji umekwenda na maji.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Jina la kisayansi liandikwe kwenye mkataba.
2. Uliza wakulima wa ufukwe huohuo kama spishi hiyo huvuka miezi ya joto.
3. Piga hesabu kwa bei ya spishi hiyo tu.

Yule kijana amerudi kuuliza. Hela bado iko mfukoni.