Jozi za kati (poka)

Jozi za kati ni jina la jumla la karata mbili za mkononi zenye thamani moja ambazo si ndogo sana wala kubwa sana, katika mchezo wa karata uitwao poka, hasa aina yake ya Texas Hold'em. Kwa kawaida huhesabiwa kuanzia 7-7 hadi 10-10. Baadhi ya wachezaji huingiza pia 6-6 au maghulamu wawili (J-J). Zinapendeza machoni, lakini katika poka ya mtandaoni watu wengi hupoteza nazo fedha, hasa pale wanapolazimika kuamua kabla ya mpinzani wao.

Nguvu ya jozi

Katika Texas Hold'em kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Baadaye karata tano za wote hufunuliwa mezani: tatu kwa pamoja, ambazo huitwa flopi, kisha ya nne, kisha ya tano. Wachezaji huweka dau kabla ya flopi na baada ya kila hatua. Mshindi ni yule mwenye mpangilio bora wa karata tano, au yule aliyebaki peke yake baada ya wengine kutupa karata zao.

Jozi ya aina yoyote hupatikana mkononi mara 1 katika kila migawo 17. Kabla ya flopi, 8-8 iko mbele ya karata zozote mbili zisizo jozi, lakini si kwa mbali: ikikutana na ree na mfalme (A-K) hushinda takriban mara 55 katika 100. Ikikutana na jozi kubwa zaidi hushinda mara 1 tu katika 5.

Shida huanza flopi inapofunuliwa. Mwenye 10-10 ataona angalau karata moja kubwa kuliko jozi yake katika asilimia 70 hivi ya flopi. Kwa 9-9 ni asilimia 79, kwa 8-8 ni 87, na kwa 7-7 ni 92. Karata ya tatu inayofanana na jozi yake, ambayo ndiyo humpa mkono wenye nguvu kweli, huja katika flopi mara 1 tu katika 8 au 9. Kwa hiyo mara nyingi mwenye jozi ya kati hubaki na mkono ambao huenda ndio bora na huenda sio, bila njia rahisi ya kujua.

Kutangulia kuamua

Alama ya mgawaji huzunguka meza kufuata mwendo wa saa. Kuanzia flopi, mchezaji wa kwanza kushoto kwa mgawaji ambaye bado yumo mchezoni ndiye huanza kuamua katika kila hatua, na mgawaji huwa wa mwisho. Wanaotoa dau dogo na dau kubwa la lazima wamekaa kushoto kwake, hivyo wao ndio hutangulia karibu kila mara.

Chukua mfano wa meza ambayo dau la lazima ni chipu 1 na 2. Mgawaji anapandisha hadi 6, mwenye dau dogo anatupa karata, na mwenye dau kubwa, akiwa na 8-8, anaongeza 4 ili kulipia. Mezani kuna kitita cha chipu 13. Flopi ni K-7-3 za rangi tofauti. Mwenye 8-8 anapisha bila kuweka kitu, mgawaji anaweka 6. Kulipia 6 ili kushindania jumla ya 25 kunahitaji ushindi wa asilimia 24 tu, na mgawaji anaweza kuweka dau hilo akiwa na mfalme au akiwa hana lolote. Kutupa karata hapa ni woga. Analipia.

Karata ya nne ni malkia. Anapisha tena, na sasa mgawaji anaweka 17. Hapa ndipo kutangulia kunapouma. Zimebaki nane mbili tu kati ya karata 46 asizoziona, yaani asilimia 4 hivi ya kuimarika. Akilipia, bado kuna dau la tatu linalomngoja baada ya karata ya tano, na hajui litakuwa kubwa kiasi gani. Mara nyingi hutupa karata, na mara nyingine huwa ametupa mkono uliokuwa ukiongoza.

Geuza viti. Mwenye 8-8 akiwa wa mwisho, humwona mpinzani akipisha kwanza, na akitaka naye hupisha ili kuona karata inayofuata bila malipo. Mpinzani akipisha mara mbili amekwishaeleza mengi. Karata ni zilezile, ila thamani yake imepanda.

Wanaoanza mchezo hujaribu kuepuka tatizo hili kwa kutangulia kuweka dau ili wajue wamesimama wapi. Swali hilo ni ghali: wenye karata dhaifu hutupa, wenye nguvu hulipia au hupandisha. Programu za kukokotoa mikakati, kama PioSOLVER iliyotoka mwaka 2015, huonyesha kuwa aliyelipia akiwa kwenye dau kubwa la lazima anafaa kupisha flopi nyingi na kumwachia aliyepandisha aanze.

Nani amepandisha

Kanuni ya zamani husema jozi hulipiwa kwa kuwinda karata ya tatu. Hesabu yake ni nyepesi. Kwa wastani mwindaji hukosa mara 7.5 kwa kila mara 1 anayopata. Kama amelipa chipu 4 na hutupa karata kila anapokosa, lazima apate 30 anapofanikiwa ili tu asipate hasara. Kwa kuwa mpinzani hatoi chipu zake zote kila mara, wengi hutaka akiba yake iwe angalau mara 15 ya kiasi kinacholipwa.

Kanuni hiyo inafaa zaidi dhidi ya mtu aliyepandisha akiwa miongoni mwa wa kwanza kuamua, kwa sababu huyo huwa na karata nzito na hushindwa kuziacha. Mgawaji ni tofauti. Yeye hupandisha na karata nyingi dhaifu, hivyo hata mwindaji akipata nane ya tatu huenda asilipwe. Dhidi yake faida ya 8-8 hutoka kwenye jozi yenyewe, inayoongoza mara nyingi bila kuimarika.

Mtandaoni

Mtandaoni migawo huja kwa kasi kuliko kwenye meza ya kawaida, na mtu huweza kucheza meza kadhaa kwa wakati mmoja. Kosa dogo la kulipia dau moja lisilofaa hujirudia mara nyingi kabla halijaonekana. Tena, tovuti nyingi hukata ada kwenye kitita endapo tu flopi imefunuliwa. Hii ni sababu mojawapo ya wachezaji wa madau madogo kupandisha upya na 9-9 au 10-10 badala ya kulipia: wakishinda hapohapo, ada haikatwi.

Mkono mmoja unaokumbukwa sana wa jozi ya kati ulichezwa mwaka 2003 huko Las Vegas, katika mashindano makuu ya World Series of Poker yaliyokuwa na washiriki 839. Chris Moneymaker, aliyefuzu kupitia mtandao, alikuwa na A-Q. Phil Ivey alikuwa na 9-9. Flopi ilikuwa na malkia wawili na sita. Karata ya nne ilikuwa tisa, ikampa Ivey nyumba kamili. Ya tano ikawa ree, na nyumba ya Moneymaker ikawa kubwa zaidi. Ivey alitoka akiwa wa 10. Moneymaker alishinda mashindano na dola milioni 2.5.

Katika mashindano, mchezaji aliyebakiwa na akiba ya dau kubwa la lazima mara 10 hivi huwa na jibu jingine: akiwa na 8-8 huweka chipu zote kabla ya flopi. Akilipiwa, hakuna tena uamuzi unaobaki, na nani anatangulia huwa si kitu.