Wanaokwenda Pandharpur kwa Miguu

Kila mwaka mvua zinapoanza kunyesha Maharashtra, magharibi mwa India, picha za msafara wa Wavarkari, mahujaji wanaokwenda Pandharpur kwa miguu, husambaa, na kejeli zile zile hurudi: masikini wasio na kazi, wanaopoteza majuma matatu wakifuata sanamu. Wanaosema hivyo hawajauliza watu hao wamejifunza kwa nani kutembea.

Wamejifunza kwa Dnyaneshwar. Mapokeo yanasema alizaliwa mwaka 1275. Baba yake alikuwa mtawa, kisha akarudi kwa mkewe kwa amri ya mwalimu wake. Wabrahmani, tabaka la makuhani, wakaitenga nyumba nzima, watoto wanne wakiwemo. Kijana huyo aliyetengwa ndiye aliyeifafanua Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwa Kimarathi, lugha ya wakulima na watumishi wa nyumbani, huku wasomi wakishikilia Kisanskriti. Aliimaliza kazi hiyo Nevasa mwaka 1290. Aya 700 zikawa beti zipatazo 9,000. Mwaka 1296, akiwa na umri wa miaka 21, aliingia kaburini Alandi katika hali ya kutafakari, na wafuasi wake wanaamini yumo humo hadi leo.

Alifundisha kwamba ulimwengu si kiini macho cha kukimbiwa, bali ni Mungu mwenyewe akijidhihirisha. Ukiliamini hilo, jirani yako anastahili heshima ile ile unayoipeleka hekaluni. Wavarkari hawakuliacha fundisho hilo vitabuni. Njiani, wawili wakikutana, kila mmoja huinama na kugusa miguu ya mwenzake: mzee kwa kijana, mwenye shamba kwa kibarua. Huitana Mauli, yaani Mama, jina wanalomwita Dnyaneshwar mwenyewe.

Makubadhi yake ya fedha hupandishwa kwenye gari linalokokotwa na ng'ombe, na watu huyasindikiza kutoka Alandi hadi Pandharpur, takribani kilomita 250. Wamevaa shanga za mti wa mrihani mtakatifu, ishara ya kiapo cha kuacha nyama na pombe. Wanawake hubeba mrihani huo kichwani, ukiwa hai chunguni. Matoazi na ngoma haviachi kulia, na nyimbo wanazoziimba ni za watakatifu waliokuwa watu wa kazi: Gora mfinyanzi, Savata mtunza bustani, Janabai mtumishi wa ndani. Vijijini, wenyeji huwapokea kwa mikate ya mtama na mchuzi mzito wa unga wa dengu. Wengi wa Wavarkari ni wakulima. Watu hawa wanajua kazi kuliko wanaowacheka.



Kinachonisikitisha ni kuona safari inafupishwa. Wengi sasa hupanda basi, hufika Pandharpur, humtazama Vithoba, mungu wa hekalu la huko, aliyesimama juu ya tofali, mikono kiunoni, kisha hurudi jioni. Sura ya Mungu wameiona, lakini hawajainama kwa mtu yeyote njiani.

Anayetaka kuwakosoa Wavarkari asihangaike na sanamu. Lipo la haki la kuwauliza. Chokhamela, mtakatifu wa tabaka la Wamahar, lililohesabiwa najisi, alizuiwa kuingia katika hekalu la Pandharpur, na kaburi lake liko nje, penye ngazi. Milango ilifunguliwa kwa Wadalit, watu wa matabaka kama hilo, mwaka 1947 tu, baada ya mwanaharakati Sane Guruji kugoma kula. Hata msafarani, mtaalamu wa jamii Irawati Karve alitembea nao akaona matabaka yakila mbalimbali. Aibu hiyo ni ya kweli, na hukumu yake imo ndani ya mafundisho ya Dnyaneshwar. Aliyewahi kutengwa hakuandika kwa lugha ya wote ili wengine watengwe kwa jina lake. Wavarkari wakila pamoja kama wanavyoimba pamoja, watakuwa wamemtii kuliko kwa kubeba makubadhi yake.